Miaka mitatu na faibromayaljia: siku njema ndizo zilizokuwa zikiniangusha

Mwl_Chumbageni (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za Jumapili.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu, binti mdogo tu, alinivuta pembeni baada ya paredi ya asubuhi. Mwili mzima unamuuma, huu ni mwezi wa saba tangu uanze, vipimo vyote vinatoka safi, na nyumbani wameanza kusema anajidekeza. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2021 nikakosa wa kunisikiliza. Tulizungumza chini ya mwembe mpaka kengele ikalia, lakini mengi yalibaki. Nayaweka hapa ayasome kwa nafasi yake, yeye na yeyote anayeamka kila siku amechoka kuliko alivyolala.

Nina miaka 46, nafundisha shule ya msingi hapa Tanga, mama wa watoto watatu. Kwangu ilianza begani, bega la mkono wa chaki. Nikiandika mistari mitano ubaoni nahisi kama nimening'inizwa ndoo ya maji kwenye kiwiko. Bega likaenda shingoni, shingo mgongoni, kisha nyonga, magoti, mpaka nyayo. Asubuhi vidole havikunji. Khanga nikiifunga inauma, mtoto akinikumbatia inauma. Nalala saa nane nzima naamka kama niliyekesha msibani. Halafu kusahau: nimewahi kusimama mbele ya darasa la nne na sentensi ikanipotea katikati, watoto wananitazama, mimi nawatazama.

Kwa mwaka mmoja na nusu nilitibiwa malaria sijui mara ngapi, taifodi mara nne, mkojo mara tatu. Sindano za diklofenaki nilichomwa mpaka tumbo likaanza kuniwaka. Mahali pamoja daktari alifunga faili akasema, "Mama, huumwi chochote, punguza mawazo." Nililia kwenye bajaji hadi mlangoni kwangu. Afadhali angeniambia "sijajua bado unaumwa nini."

Machi 2022 nikafika kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Huyu alinisikiliza robo saa kabla hajashika kalamu. Akapima picha nzima ya damu, kiwango cha uvimbe mwilini, homoni za tezi ya shingo, baridi yabisi, vitamini D. Alinieleza sababu: tezi ya shingo ikizembea, au damu ikipungua, mtu anaweza kuumwa na kuchoka namna hiihii, na hayo yana tiba zake, kwa hiyo lazima yaondolewe kwanza mezani. Majibu yaliporudi safi akanipa karatasi yenye sehemu 19 za mwili. Nikatia alama 13. Akauliza uchovu, usingizi na kumbukumbu, kila kimoja nikipe alama kuanzia 0 hadi 3. Mwisho akasema ugonjwa huu unaitwa faibromayaljia. Zamani, kwa vigezo vya 1990, daktari alikuwa anabonyeza nukta 18 mwilini, ukiumia kwenye 11 ndipo unapewa jina hilo. Tangu 2010 kuna vigezo vinavyohesabu sehemu zinazouma na uzito wa dalili nyingine, na hali iwe imedumu angalau miezi mitatu.

Nilivyoelewa mimi, na nimeuliza sana, ni hivi. Misuli yangu na viungo vyangu havijaoza wala kulika. Tatizo liko kwenye mishipa ya fahamu na ubongo, namna vinavyopokea habari za mwili. Fikiria mlinzi wa usiku ambaye nyumba yake iliwahi kuvunjwa. Tangu siku hiyo paka akipita ukutani anapuliza filimbi, jani likianguka anapuliza filimbi. Filimbi ni ya kweli, unaisikia, inakuamsha. Mwizi ndiye hayupo. Kumpiga mlinzi hakusaidii. Anahitaji kuzoeshwa taratibu, usiku hata usiku, kwamba paka ni paka.

Na hapo ndipo nilipokuwa nakosea.

Daktari aliniandikia amitriptilini kidogo ya usiku, ikanisaidia kulala ingawa kinywa kilikuwa kinakauka, kisha akaniandikia barua ya kwenda kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi. Nikawaza: mtu nisiyeweza kupanda daladala napelekwa mazoezini? Yule fizio hakunipa zoezi lolote siku ya kwanza. Alinituma ninunue kaunta buku, niandike kwa wiki mbili: nimefanya nini, kwa muda gani, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, asubuhi na jioni.

Wiki ya pili ikaangukia siku chache kabla ya Idi. Nikaamka siku moja mwepesi, sijui ilitoka wapi. Mungu amenifungulia! Nikafua mapazia yote, nikasugua sakafu, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi nne mfululizo, jioni nikaenda sokoni kwa miguu. Kesho yake sikuamka. Siku tano kitandani, Idi yenyewe nimeisikia kwa masikio tu.

Nilipompelekea daftari fizio akaligeuza kwangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja baada ya mwingine, kimya. Nikaona mwenyewe. Kila nilipoanguka, nyuma yake kulikuwa na siku njema niliyoitumia yote. Nikipata nafuu nalipa madeni ya wiki nzima, naanguka, nalala, misuli inalegea, naogopa kujigusa, nikipata nafuu tena nalipa tena. Miaka miwili nilikuwa nazilaumu siku mbaya.

Akanipa kipimo: kutembea dakika tano. Tano kwenda na kurudi, jumla. Nilijisikia vibaya, kwa kweli. Dakika tano haifiki hata dukani kwa Mpemba. Masharti yalikuwa mawili. Siku mbaya nisiache, hata kama ni kuzunguka ua. Siku njema nisizidishe, hata kama nahisi naweza kufika Pongwe. Sharti la pili ndilo gumu. Mtu aliyenyimwa mwili wake miaka miwili, akipewa asubuhi moja, kumwambia "ishia hapo" ni kazi.

Nikaongeza dakika moja kila wiki. Wiki ya sita nikashuka, nilikuwa na mafua, nikarudi nne. Mwezi wa tano nikafika dakika 20. Leo natembea dakika 30 siku nne za wiki, na siku mbili naingia baharini. Maumivu yalikuwa saba, nane. Sasa ni matatu, siku nyingine manne. Hayajaisha na simwambii mtu kwamba yameisha. Lakini naandika ubao mzima, na Idi iliyopita nilikaa na watu.

Kuhusu bahari nitaeleza nikipata nafasi, naona uzi umekuwa mrefu. Ulizeni.

Mama_Likoni

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Mimi niko Mombasa, nina hali hiyo tangu 2018. Lakini dadangu, mimi mazoezi yalinimaliza. Binti yangu alinisajili jimu, tukacheza muziki saa nzima na vijana. Wiki mbili sikuweza kuinua sufuria ya wali. Tangu hapo nikisikia neno mazoezi moyo unanidunda. Wewe hukuogopa?

Mwl_Chumbageni

Nimeogopa sana mamangu, na bado kuna siku naogopa. Lakini tazama: saa nzima kwa mara ya kwanza, baada ya kukaa miaka bila kujishughulisha, hata mtu mzima wa afya angeumia. Si kwamba mwili wako haufai mazoezi. Ulipewa dozi ya mwezi kwa siku moja. Ukitaka kuanza tena, anza na kitu ambacho hata ukikifanya siku yako mbaya kabisa hakikuangushi. Kikiwa dakika mbili, ni mbili. Usione haya. Mimi nilitembea dakika zangu tano nikizunguka nyumba, majirani wakadhani nimepoteza kitu.

Fizio_Kibosho

Naomba niingie hapa kwa sababu ni kazi yangu, nilisomea hapa Moshi.

Mama Likoni, kuna kanuni tunayowapa wagonjwa: kuuma kidogo zaidi baada ya zoezi kunategemewa. Kama ongezeko lile limeshuka ndani ya siku moja, kipimo ni sawa. Kama kesho kutwa bado uko juu, kipimo kilikuwa kikubwa, kipunguze hata nusu, ila usikiache. Na unapotembea uweze kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo.

Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Ulaya, kinachojulikana kwa kifupi EULAR, kilipopitia upya ushahidi wa tiba zote za ugonjwa huu na kutoa mapendekezo yake mwaka 2017, tiba moja tu ndiyo iliyopewa pendekezo la nguvu, nayo ni mazoezi. Dawa zilipewa pendekezo hafifu, tiba ya mazungumzo hivyohivyo, kwa maana kwamba zinawafaa baadhi ya watu. Kwa hiyo Mwalimu anachosema si uzoefu wake peke yake.

Zoezi lipi? Lile utakalolifanya tena wiki ijayo. Kutembea, baiskeli, maji. Kule Marekani walilinganisha taichi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, na mazoezi ya kawaida ya kutoa jasho, kwa wagonjwa 226. Matokeo yalitoka 2018, taichi ikawa sawa au ikazidi kidogo. Hapa kwetu sijui wangapi watapata mwalimu wa taichi, lakini fundisho lake nalipenda: polepole, kwa kupumua, mara kwa mara.

Msisahau nguvu za misuli. Mara mbili kwa wiki: kaa kitini, inuka bila kushika, mara tano. Simama mbele ya ukuta, usukume kwa mikono miwili, mara tano. Mpira wa ndani wa baiskeli ukikatwa unatosha kuvutia mikono. Mwezi wa pili tano ziwe sita.

Nyote mnaosoma mkajipa jina la ugonjwa: kiungo kikivimba na kuwa cha moto, homa isiyoeleweka, kupungua uzito bila sababu, mkono au mguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, hayo hayamo kwenye faibromayaljia. Nenda hospitali, tena haraka.

Njombe_ya_baridi

Asanteni. Huku Njombe mwezi wa saba mimi huwa kama gogo. Kuna mahali wananichoma sindano moja, wanaiita dexa, siku mbili tatu nakuwa mzima kabisa. Gharama yake si kubwa. Kuna ubaya?

Fizio_Kibosho

Ndugu yangu, upo. Hiyo ni dawa ya jamii ya steroidi. Inazima uvimbe, na kwenye ugonjwa huu hakuna uvimbe wa kuzimwa, ndiyo maana EULAR hawaipendekezi kabisa kwa faibromayaljia. Unahisi vizuri kwa muda, lakini ikirudiwarudiwa inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na mwili unazembea kutengeneza homoni yake wenyewe. Kama umechomwa mara nyingi usiikate kimyakimya, mwone daktari umweleze ukweli wote. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni nazo hazipendekezwi. Daktari akiona unahitaji dawa, zipo kama amitriptilini, duloksetini au pregabalini, naye ndiye wa kupima ipi, kiasi gani.

Kwa baridi ya Njombe: kuoga maji ya moto kabla ya kunyoosha viungo, sio baada. Chupa ya maji ya moto izungushie khanga au taulo uiweke mabegani dakika 15. Tembea saa tano jua likishatoka, usishindane na alfajiri.

Baba_Wawili

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma na mke wangu yuko pembeni yangu, amelia. Nakiri hapa kwamba mimi ni mmoja wa waliosema "unajidekeza." Daktari amemwandikia amwone mwanasaikolojia, akakataa, akasema "basi wote mnaniona nina wazimu." Mimi nami sikujua nimjibu nini. Wewe ulikwenda?

Mwl_Chumbageni

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo kubwa kusema hivyo akiwa pembeni yako.

Nilikwenda, na nilikataa kwanza kama yeye, kwa maneno hayohayo. Kilichonibadilisha ni ule mfano wa mlinzi. Hofu, hasira, kukosa usingizi, vyote vinamwamsha mlinzi. Mwanasaikolojia hakuwahi kuniambia maumivu ni ya kufikirika. Siku ya kwanza alianza kwa kusema anajua yapo.

Nilikwenda mara nane, kila baada ya wiki mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ya darasani kuliko nilivyodhani, na ualimu wangu ukanisaidia. Nikiumwa, niandike wazo lililonijia dakika ileile. Langu lilikuwa moja kila mara: "Sasa nakwenda kulemaa, watoto wangu watalelewa na nani?" Kisha niandike ushahidi wa wazo hilo, na ushahidi wa kulipinga. Mara ya tatu nikaona nimeandika kwa mkono wangu: maumivu haya nimeyapata mara 40 na kila mara nimesimama tena. Maumivu hayakuondoka siku ile. Kilichoondoka ni ule mkono uliokuwa unanikaba shingoni juu ya maumivu.

Jambo jingine lilikuwa shughuli. Wenyeji wa Tanga mnajua: mwenzio akiwa na harusi au hitima, unakwenda kupika. Usipokwenda, siku yako nani atakuja? Nilikuwa nakwenda kukoroga masufuria ya pilau kwa upawa mrefu, kisha nakufa siku tatu. Yule dada mwanasaikolojia hakuniambia niache kwenda. Tulitafuta kazi ya kukaa. Sasa nafika mapema, nakaa kwenye mkeka nimeegemea ukuta, namenya vitunguu saumu, nachambua mchele, kila nusu saa nainuka natembea uani. Nilimweleza mama kiongozi wa shughuli mara moja tu, kwa siri. Hajawahi kuniuliza tena, na vitunguu vyangu vinanisubiri.

Kwa mkeo, usimuulize kila saa "bado unaumwa?" kwa sababu kila swali linamrudisha mlinzi lindoni. Muulize "leo kipimo chetu ni dakika ngapi?" kisha tembea naye. Ndoo za maji mjaze nusu. Akiamka mzima akaanza kuvua mapazia, mzuie kwa upendo.

Baba_Wawili

Amesema atakwenda. Nitampeleka mimi mwenyewe Alhamisi.

Mabibo_mwisho

Jamani na mimi nichangie. Kwetu waliniambia nimetupiwa kitu. Nimesomewa, nimenyweshwa kombe, nimeogeshwa majani. Sikatai dini yangu, ila kila nikitoka nasikia nafuu siku mbili halafu narudi palepale, na familia inasema imani yangu ndogo. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Pia silali. Saa tisa za usiku niko macho nahesabu mabati. Mwalimu, hiyo ya kulegeza mwili unafanyaje?

Mwl_Chumbageni

Mabibo, mpenzi, imani yako haina upungufu. Mimi nami nilisomewa na mjomba wangu, nakumbuka nilivyotulia sauti yake ilipokuwa ikipanda na kushuka. Utulivu ule ulikuwa wa kweli na nauheshimu, uendelee nao. Ila usikubali yeyote akugeuzie maumivu yawe kesi ya imani. Ugonjwa huu una jina na una vigezo, unawapata wa kila dini, wanawake kwa wanaume.

Usingizi sasa. Mwaka 1975 mtafiti Harvey Moldofsky na wenzake huko Kanada walichukua vijana wazima, wakawa wanawavuruga kila wakizama kwenye usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache vijana wale wakaanza kuumwa misuli na kuchoka kama sisi. Fizio aliponieleza hilo nilishusha pumzi, kwa sababu nilikuwa nadhani silali vizuri kwa kuwa naumwa, kumbe na kuumwa kwenyewe kunatokana pia na kutolala vizuri. Vinazungukana.

Ninavyofanya: baada ya Isha simu inabaki sebuleni. Natandika mkeka na godoro jembamba, nalala chali, mto chini ya magoti. Navuta pumzi kwa pua nikihesabu nne, natoa kwa mdomo nikihesabu sita. Tumbo ndilo linyanyuke, kifua kitulie. Mara kumi. Kisha nakaza na kulegeza, njia aliyoibuni daktari Mmarekani Edmund Jacobson karibu miaka mia iliyopita. Naanza na ngumi ya kulia: naikaza, nahesabu tano, naiachia ghafla, nakaa nayo sekunde 15 nikisikiliza ilivyolegea. Ngumi ya kushoto, mabega kuyapandisha masikioni, uso kuukunja, tumbo, mapaja, vidole vya miguu. Lakini tahadhari: sisi tunaoumwa hatukazi kwa nguvu zote. Mimi nakaza kwa robo ya nguvu yangu, na sehemu inayouma sana siku hiyo naipita, nailegeza tu kwa mawazo. Mwanzoni nilikaza kama bondia, shingo ikanikamata siku mbili.

Wiki tatu za kwanza sikuona kitu. Wiki ya nne nikalala katikati ya zoezi, miguu sikuifikia.

Ukiamka saa tisa usibaki kuhesabu mabati. Inuka, kaa kwenye kiti gizani, vuta uradi au pumzi zako mpaka macho yawe mazito, urudi. Na kila siku amka saa ileile, hata kama usiku ulikuwa mbaya, hata Jumapili.

Mama_Likoni

Mwalimu umeahidi bahari. Mimi bahari iko mlangoni na sijaingia tangu niolewe.

Mwl_Chumbageni

Haya, bahari, ndiyo niipendayo kuliko yote.

Maji ya kifuani yanakubeba. Magoti na nyonga havibebi tena uzito wote, na ukisukuma mkono, maji yanakurudishia nguvu ileile uliyotoa. Ukisukuma polepole yanakuwa laini, ukiharakisha yanakuwa mazito. Huwezi kujizidishia kwa bahati mbaya kama nchi kavu. Wenzetu wa nchi za baridi wanalipia mabwawa yaliyopashwa moto hadi nyuzi 32 au zaidi. Sisi miezi ya kaskazi, Februari na Machi, bahari yenyewe inakaribia nyuzi 29 au 30 bila kulipa mtu. Kusi ikiingia, Julai na Agosti, inashuka karibu na 25 na mawimbi yanachafuka. Miezi hiyo naingia mchana tu, dakika chache, au naacha nabaki na kutembea.

Mimi naenda ufukweni Raskazone na mwanangu wa kwanza, siendi peke yangu hata siku moja. Nasubiri maji yajae, kwa sababu yakipwa unatembea juu ya mawe na miba kutafuta kina, na huo mwendo tu unamaliza kipimo chako. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, naziepuka, maji yanavuta sana. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ndizo zangu. Navaa yeboyebo, blauzi na suruali ya kitambaa chepesi. Dera likilowa linakuwa zito, linakuvuta mabega.

Ndani ya maji: natembea mbele hatua 20, kinyumenyume hatua 10, mikono naitandaza chini ya maji kama anayefagia meza, naifunga na kuifungua mara kumi. Kisha nalala chali, mwanangu ananishika kichwa, masikio yanazama, sisikii kitu ila pumzi yangu. Dakika zile tatu za mwisho hakuna kinachouma. Mara ya kwanza nilipogundua hivyo nililia humohumo majini, mwanangu akashtuka akadhani nimeumwa na kitu. Nilikuwa nimesahau mwili usiouma unafananaje.

Kutoka ndiyo hatari: upepo. Khanga mbili kavu ziwe tayari ufukweni na chupa ya chai ya tangawizi. Na mara ya kwanza dakika kumi tu, pamoja na kutembea kuingia na kutoka. Itakuwa tamu, utataka kubaki. Toka.

Fizio_Kibosho

Nakazia hapo pa "toka." Wagonjwa wangu wengi wanaumia siku ya kwanza ya maji kuliko siku ya kwanza ya kutembea, kwa sababu ndani ya maji hawasikii uchovu, unawakuta usiku. Na mwenye moyo mbovu, kifafa au kidonda kibichi aulize daktari wake kabla ya kuingia.

Chaki_mpya

Mwalimu, ni mimi wa chini ya mwembe. Nimesoma yote mara mbili. Nimenunua kaunta buku leo. Nimeandika siku moja tu na tayari nimeona kitu: nilifua saa tatu mfululizo kwa sababu niliamka vizuri. Naogopa kesho.

Mwl_Chumbageni

Mwanangu, kesho ikija na maumivu usiandike "nimeharibu." Andika "kufua saa tatu, kesho yake saba," basi, hiyo ni habari tu. Wiki ijayo fua nguo za shule peke yake, ukiwa umekaa kwenye kigoda, beseni juu ya meza ndogo, mgongo usiiname. Zinazobaki zisubiri kesho kutwa, nguo hazidai riba. Na usianze mazoezi yoyote mpaka umepima damu na tezi ya shingo. Tutakwenda wote kwa yule daktari, nitaomba ruhusa ya kipindi cha mchana.

Jumamosi baada ya hapo mwezi utakuwa nusu, maji mafu, yanajaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Njoo na yeboyebo na mtu wa kukushika kichwa. Usipopata mtu, mwanangu yupo.